Mapigano ya Fuzhou, 1884: Hesabu ya Maji Kupwa

Tukisoma mapigano ya Fuzhou ya tarehe 23 Agosti 1884, tusihesabu mizinga peke yake. Tutazame na maji. Manowari za Ufaransa na za China zilikuwa zimetia nanga pamoja katika Mto Min kwa wiki kadhaa, vita havijatangazwa. Meli iliyotia nanga huelekeza omo kwenye mkondo. Admirali Courbet akangoja maji yapwe. Meli za China zilizokuwa juu ya mto zikampa tezi, upande wao dhaifu. Kwa muda usiofika saa moja, karibu kundi lote la Fujian likaangamia, na mamia ya mabaharia wakafa. Kesho yake Wafaransa wakaipiga mizinga karakana ya Mawei, iliyojengwa kwa uongozi wa Mfaransa mwenzao, Prosper Giquel.