Mutoto amepata diplome: ataingia fakilte gani?

Kila mwaka, wakati majibu ya egzame ya Serikali yanatoka, katika miji yetu ya migodi watu wanamumwangia mutoto poda nyeupe na kupiga vigelegele. Ni haki yao. Tangu mwaka 1967 ile egzame ndiyo mlango wa masomo ya juu katika inchi yetu, na mwenye kufikia 50% anapewa diplome. Lakini kisha furaha, ulizo linabaki: je, ataweza kuingia fakilte anayoitamani?

Asilimia peke yake haijibu. Egzame inachanganya maarifa ya jumla, sayansi, luga na masomo ya opsyo. Tuseme kijana mumoja amepata 66%, nguvu yake ni luga na historia. Mwenzake amepata 60% tu, lakini hesabu na fizika anaziweza sana. Ku fakilte ya politekniki, fasi wanafundisha mainjenia wa migodi, huyu wa pili anaweza kumupita wa kwanza, kwa sababu hesabu ndiyo inayochekecha pale.

Mbele ya kutoa feza, mujiulize mambo matatu.

1. Fakilte inachagua namna gani? Zingine zinapokea kila mwenye diplome. Zingine zinaomba asilimia fulani. Zingine zinapiga konkuru, na ku konkuru wanahesabu viti. Kama viti ni 100 na vijana ni 500, yule wa 101 anabaki inje hata kama alijibu vizuri. Basi muende ku ofisi ya kuandikisha wanafunzi, muulize: mwaka uliopita walikuja wangapi, na walikamatwa wangapi?

2. Mutoto ana nguvu gani kweli? Mutafute maulizo ya konkuru za zamani. Akae peke yake, na saa mezani, bila telefone, bila kaka wa kumunongoneza. Mwalimu wa hesabu asahihishe, si mama wala baba. Afanye vile mara tatu, na mupime kwa ile pointi ya chini, si ile ya juu. Kama alisoma opsyo ya biashara na anataka uinjenia, miezi ya kujitayarisha itakuwa mingi zaidi.

3. Akianguka, tutafanya nini? Kuna feza ya dosie, ya safari, ya chumba. Kuuza kiwanja chote kwa ajili ya mlango mumoja ni hatari. Muandike mlango wa pili, na wa tatu: chuo cha ufundi, chuo cha ualimu, ao iniversite iliyo karibu. Hata Kolwezi na Likasi kuna iniversite, na mutoto anayelala kwenu hatafuti nyumba ya kupanga.

Muangalie pia wale wanaokuja usiku: "Toeni feza kidogo, mutoto ataingia tu, minajua mukubwa moja kule." Feza inaenda, jina halionekani ku liste. Na pointi za kununua ku egzame ya Serikali haziingie pamoja na mutoto ku chumba cha konkuru. Hata akipenya, mwaka wa kwanza utamurudisha, na kijana aliyepata haya vile anaweza kukimbilia kuchimba mawe ku mashimo.

Na binti zetu? Wengine wanasema uinjenia ni kazi ya wanaume. Anayesahihisha konkuru anaangalia hesabu, haangalie kama ni binti ao kijana. Mumupatie saa za kusoma sawa na kaka yake, asibaki na masufuria yote.

Munakumbuka katika Injili ya Luka, sura ya 14, mfano wa mwenye kujenga mnara: anakaa kwanza, anapima kama atafika mwisho. Basi leo magaribi mukae na mutoto, na karatasi, muandike milango mitatu pamoja na bei ya kila mumoja. Bwana awape hekima ya kuchagua.