Kusema Wazi Bila Kugombana

Leo tunazungumza juu ya mazoezi ya kusema.

Mtoto wako ana miezi 3. Mama mkwe amepika uji mwepesi, anasema, "Huyu ana njaa, mpe." Kliniki ulifundishwa kwamba mtoto hupewa maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, hata maji hapewi, isipokuwa dawa aliyoandikiwa. Unajua, lakini mdomo unakuwa mzito. Ukinyamaza, mtoto ananyweshwa uji na huenda akaharisha. Ukifoka, nyumba nzima inakasirika.

Iko njia ya tatu, na hufundishwa kama kusuka kiondo. Joseph Wolpe, daktari wa magonjwa ya akili aliyezaliwa Afrika Kusini, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1958. Alisema kwamba mtu anapotamka wazi lililo moyoni, woga hupungua. Hakuwapa wagonjwa wake mawaidha tu. Waliigiza naye kwanza, yeye akiwa yule mtu wanayemwogopa.

Nawe mwombe jirani awe mama mkwe. Asikubali upesi; awe mkali kidogo. Sema polepole: "Mama, nashukuru unavyompenda mjukuu wako. Uji nitampa akitimiza miezi 6. Sasa namnyonyesha tu." Akibisha, rudia maneno yaleyale, usiongeze mengine. Wazungu hufundisha kumtazama mtu machoni. Kwetu kumkazia mkwe macho ni utovu wa adabu, kwa hiyo macho yawe ya kawaida, ila sauti isitetemeke.

Lakini usianze na mkwe. Anza na anayekuruka kwenye foleni ya maji, au mwenye duka aliyekupunja chenji. Ukizoea hayo madogo, ndipo uende kwa makubwa.

Kama kuna mtu nyumbani anayekupiga, usiyajaribu mazoezi haya kwake; yanaweza kukuletea hatari. Piga simu 1195, haina malipo, au mweleze muuguzi mkiwa wawili tu.

Na siku ya kliniki, mwombe mama mkwe mwende pamoja. Akilisikia jambo la uji kutoka kwa muuguzi, halitakuwa tena neno lako dhidi ya lake.