Picha ya kofia ni ya nani? Tuulizane kabla ya kurusha

Shangazi yangu anashona kofia. Hashoni kwa kuuza. Anashona kwa kupenda, na kofia zake huwapa wanawe, wakwe zake na wajukuu siku ya Idi. Anakaa Seeb, na ukimpitia baada ya Alasiri utamkuta karibu na dirisha, miwani puani, kitambaa cheupe mapajani. Kofia moja humchukua mwezi na zaidi, maana kila kitundu hutobolewa kisha kikazungushiwa uzi kwa mkono. Ni kazi aliyofunzwa na mama yake Unguja, akaja nayo Oman, ambako kofia hiyo hiyo tunaiita kumma.

Akimaliza, mjukuu wake humpigia picha. Picha huingia kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, lenye watu wa Muscat, Dubai, Unguja na London. Watu wanaandika mashaallah, basi, maisha yanaendelea.

Mwaka jana, siku chache kabla ya Idi, picha moja katika hizo ilitokea Instagram, kwenye ukurasa wa duka linalouza kofia za mashine. Jina alilolitia mjukuu pembeni lilikuwa limekatwa. Chini yake pameandikwa bei na namba ya simu. Na ukiitazama vizuri, ubavuni mwa kofia unaonekana mkono wa binti wa shangazi, wenye hina, na zulia la nyumbani kwao. Jamaa mmoja wa Dubai ndiye aliyeiona. Akapiga simu: "Shangazi, kumbe umefungua duka, hata kutwambia?"

Shangazi hakupiga kelele. Alisema tu: "Sitaki pesa yao, wala sitaki nitangazwe. Wangeniuliza."

Tulipofuatilia, tulikuta hakuna mwizi aliyeruka ukuta. Mmoja wetu aliipenda, akaituma kwa rafiki yake. Rafiki akaitia kwenye kundi la wapenda kofia. Huko mtu wa duka akaiona, akaichukua. Kila mmoja alidhani picha ikishakuwa mtandaoni ni kama maji ya mvua, anayekinga ndoo ni yake. Yule aliyeanza kuirusha ni mtu wa nyumbani, na hakuwa na nia mbaya hata chembe.

Haki mbili katika picha moja

Picha ya kazi ya mkono ina watu wawili wenye haki. Wa kwanza ni aliyepiga picha. Kwa kawaida sheria humhesabu yeye ndiye mwenye picha. Wa pili ni aliyetengeneza kitu chenyewe, ikiwa kina ubunifu wake. Kwa hivyo picha ya kofia ya shangazi ni ya mjukuu, na mpangilio wa mashono ni wa shangazi. Anayeitaka awaulize wote wawili.

Hapa pana jambo la kuelewa. Maua na nyota za kofia zetu ni urithi wa zamani, hakuna mtu mmoja anayeweza kusema ni yake peke yake. Ukiliona ua la kale na ukalishona kwa mkono wako, hujamdhulumu mtu. Lakini mpangilio mpya alioutunga mtu kichwani mwake ni habari nyengine, na picha ya kofia yake ni habari nyengine pia. Urithi ni wetu sote. Picha ina mwenyewe.

Wengi huuliza: "Mbona hakuisajili?" Si lazima. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, haki ya mtunzi inaanza pale pale kazi inapofanyika, bila ya karatasi wala muhuri. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 1994, Oman mwaka 1999 na Imarati mwaka 2004. Uingereza na Marekani zimo pia. Oman ina sheria yake ya haki za watunzi, iliyotolewa kwa Amri ya Kisultani namba 65 ya mwaka 2008. Huko Oman, kwa jumla haki hiyo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 70 baada ya kufa kwake.

Na wale wanaosema "ukishaitia Instagram umeshawapa" wamekosea. Unapofungua akaunti unairuhusu kampuni ionyeshe picha zako kwenye mtandao wake. Hiyo ni ruhusa ya kampuni, si ruhusa ya kila anayepita.

Kuhusu ule mkono wa binti na zulia la ndani, mambo ni mazito zaidi. Huku Ghuba sheria za makosa ya mtandao ni kali kwa anayesambaza picha zinazoingilia faragha ya mtu na familia yake. Na hata bila ya sheria, sisi wenyewe tunajua nyumba ya mtu ina heshima yake.

Dini nayo imesema

Wapo wanaodhani haya ni mambo ya wazungu. Sivyo. Mwezi wa Disemba 1988, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Kuwait na kupitisha azimio namba 43: haki za utunzi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki zinazolindwa kisheria ya dini, wenyewe wana mamlaka nazo, na haijuzu kuzivamia. Yaani picha ya mtu ni mali ya mtu. Tunaowafundisha watoto wasichukue kiatu cha mwenzao msikitini, tuwafundishe na hili.

Namna ya kuomba

Kuomba ruhusa hakuhitaji wakili. Ni ujumbe mmoja unaosema mambo manne: picha ipi, unataka kuiweka wapi, ni kwa kuuza au si kwa kuuza, na jina gani liandikwe. Mfano: "Assalaam alaykum Bibi. Nimeipenda kofia yako yenye nyota. Naomba kuiweka kwenye ukurasa wangu, si kwa biashara. Niandike jina gani?" Kisha subiri jibu. Kimya si ruhusa. Na ruhusa ya WhatsApp si ruhusa ya Instagram.

Kuandika "picha si yangu" au "shukrani kwa mwenyewe" hakutoshi. Kutaja jina ni adabu, lakini hakuchukui nafasi ya kuuliza. Na wengine, kama shangazi, hawataki hata kutajwa.

Kwa wanaopiga picha: itunze picha ya asili kwenye simu, maana ndiyo inayoonyesha tarehe. Jina liandikwe katikati ya kazi, si pembeni linapokatwa kwa kidole kimoja. Tazama nyuma ya kitu kabla ya kupiga: mtoto, mkono, karatasi yenye anwani. Na kwenye kundi la ukoo andika wazi: "Hii ni ya humu humu."

Ikishachukuliwa, usianze na matusi. Piga picha ya skrini inayoonyesha ukurasa na tarehe. Mwandikie mhusika kwa upole aitoe. Asipojibu, Instagram na Facebook zina fomu ya mwenye haki kulalamika, na anayelalamika awe ndiye mwenye picha au aliyeruhusiwa naye.

Sisi tulifanya hivyo. Baada ya siku mbili picha ilitoweka, bila ya samahani. Kwa miezi mitatu shangazi hakutuma picha yoyote kundini. Alishona, akaikunja kazi yake, akaitia kabatini. Hayo ndiyo tuliyoyapoteza: wajukuu walio mbali hawakuona tena bibi yao anashona nini.

Kisha msichana mmoja wa Pemba, anayejifunza kushona, aliipata namba yake kwa jamaa. Aliwahi kuonyeshwa kofia ya shangazi kwenye simu ya mtu, akaandika kuomba ruhusa ya kuiga mashono ya ukingo na kuwaonyesha wenzake.

Shangazi alivua miwani, akacheka. "Huyu kafunzwa kwao," alisema. Akamwita mjukuu alete simu. Alimtumia yule msichana picha tatu badala ya moja, na ujumbe wa sauti mrefu kumweleza namna ya kukifunga kitundu ili uzi usifumuke.