Telefone imejaa nyimbo, juu ya nini radio haizimwi?

Huku kwetu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, telefone ya kijana inabeba nyimbo mia na zaidi. Hata hivyo asubuhi, mbele ya kupanda basi ya kazi, tunawasha radio.

Kwanza ni mambo ya franga. Nyimbo za intaneti zinakula mega, na mega zinakula mshahara. Radio, ukishanunua mawe yake, imeisha. Umeme ukikatika siku tatu, telefone inazima. Radio inaendelea kusema.

Kisha kuna luga. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, inasema Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Mama muuza makala anasikia habari za inchi bila kuomba mtoto amutafsirie. Zamani kundi la Mufwankolo lilichekesha Katanga ku radio na michezo ya Kiswahili chetu, kile cha cité.

Na nyimbo? Telefone inakupa ile unayojua tayari. Radio inakupa ile uliyosahau: gitaa ya Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimurekodi Jadotville, Likasi ya leo, mwaka 1952. Mtoto anauliza: huyu ni nani? Ndipo mazungumzo yanaanza nyumbani.

Lakini sababu kubwa ni kwamba radio iko na mtu wa kuulizwa. Mgodi ukibomoka, telefone zinaleta hesabu kumi za wafu, na picha za inchi ingine. Bibi ya mchimbaji hajui ashike gani. Anangojea sauti anayoizoea, na ikikosea, anajua mlango wa kugonga. Ndiyo maana hata matangazo ya vilio bado yanapelekwa kule.

Imani hiyo ilinunuliwa bei kali: Serge Maheshe, mwandishi wa Radio Okapi, aliuawa Bukavu mwaka 2007. Na inaweza kupotea. Mwandishi asiyelipwa anaishi na bahasha ya yule anayemuuliza maulizo. Hapo wakubwa wa kampuni wanasikika, wafanyakazi hapana. Sisi watu wa sendika tunajua namna mshahara unavyofunga kinywa.

Basi wenye radio walipe watu wao, na watuachie nafasi ya kupiga simu na kujibu. Siku radio itasema tu maneno ya mwenye bahasha, hatutakuwa tena na sababu ya kununua mawe.