Kwa nini mmoja anaosha vyombo na mwenzake hataki? Jinsi tabia inavyoendesha watu wa kwenye gemu

Jioni hapa Kilindoni si ajabu kuona simu moja imezungukwa na vichwa vitano. Mara nyingi ni gemu ya mpira au ya mbio za magari. Lakini zipo gemu za aina nyingine, zisizo na goli wala adui wa kupigwa. Ndani yake kuna mtu wa kuchorwa anayeamka, anaoga, anapika, anakwenda kazini, anagombana na jirani kisha analala. Mzazi akichungulia huuliza: "Sasa hapo mnashindania nini?" Akikaa kidogo, huja swali zuri zaidi: "Mbona huyu anaosha vyombo bila kuambiwa, na yule anavipita tu?"

Hilo la pili ndilo tunalolijibu leo. Jibu lake linahusu tabia, na mwishoni tutaona kwamba linaweza kutusaidia hata tunapowatazama watoto wetu wenyewe.

Gemu za maisha ni zipi?

Inayojulikana zaidi duniani inaitwa The Sims. Ilitoka mwaka 2000 nchini Marekani, na aliyeibuni ni Will Wright. Mwaka 1991 nyumba yake iliungua katika moto mkubwa uliokumba vilima vya Oakland, California. Alipokuwa akianza upya, akilazimika kufikiri ni kitu gani anunue kwanza na kipi kingoje, ndipo wazo la gemu lilipokua: mchezaji ajenge nyumba, aweke vyombo, aingize watu, kisha atazame wanavyoishi.

Matoleo mengine yalifuata mwaka 2004, 2009 na 2014. Haya makubwa ni ya kompyuta na mashine za kuchezea gemu, ila yapo pia matoleo madogo yaliyotengenezwa kwa ajili ya simu.

Mchezaji anaweza kumwamuru mtu wake afanye jambo. Akimwacha, mtu huyo hujiamulia mwenyewe. Anaamuaje, ilhali hana akili?

Kila kitu kinanadi

Fikiria mnada wa samaki. Kila mwenye mali ananadi: huyu ana changu, yule ana pweza, mwingine ana dagaa. Wewe mnunuzi unasikia sauti zote, lakini unakwenda kwa yule mwenye unachokihitaji, asiye mbali sana.

Ndani ya gemu hii, vitu vya nyumbani ndivyo vinavyonadi. Friji inasema: nina chakula. Kitanda kinasema: nina usingizi. Runinga inasema: nina burudani. Katika toleo la kwanza mtu alikuwa na mahitaji manane: njaa, usingizi, haja, usafi wa mwili, starehe ya mwili, burudani, watu wa kuzungumza nao, na nyumba inayopendeza. Kila hitaji lina kipimo chake, na vingi kati ya vipimo hivyo hushuka kadiri saa zinavyokwenda. Likishuka sana, kitu kinachoweza kulitimiza husikika kwa sauti kubwa zaidi.

Hapo ndipo tabia inapoingia. Tabia huongeza sauti ya vitu fulani na kupunguza ya vingine.

Tuchukue mfano wetu wenyewe. Nyumba moja ina watu wawili, tuwaite Kombo na Saidi. Kombo ameumbwa nadhifu, Saidi ameumbwa mchafu. Wote wameshiba. Mezani kuna sahani chafu, pembeni runinga imewashwa. Kwa Kombo, sahani zinapiga kelele za alama 8 na runinga alama 5. Anainuka, anaosha. Kwa Saidi, runinga ni ile ile alama 5, lakini sahani zinanong'ona alama 1. Anakaa.

Sasa wakeshe wote wawili mpaka alfajiri. Kitanda kinapiga kelele za alama 9 kwa Kombo na alama 9 kwa Saidi. Wote wanalala, na sahani zinabaki mezani. Mtu akiingia wakati huo, hawezi kusema nani nadhifu na nani mchafu. Hitaji likizidi, tabia haisikiki.

Watengenezaji waliongeza jambo moja muhimu. Mtu wa gemu hachukui kila mara kitu chenye sauti kubwa kuliko vyote. Huchagua kwa bahati nasibu kimojawapo kati ya vile vilivyo juu. Bila hivyo, wangekuwa kama saa ya ukutani, na mchezaji asingekuwa na la kufanya.

Kutoka alama hadi majina

Katika matoleo mawili ya kwanza, tabia ilikuwa mizani mitano: unadhifu, kupenda watu, wepesi wa mwili, utani, na wema. Kila mizani ilikuwa na alama mpaka 10, na mchezaji alipewa alama 25 tu za kugawa. Ukimfanya mtu wako awe mwema sana na nadhifu sana, alama zinakuishia, na huenda akawa mzito na asiyependa watu.

Toleo la 2009 liliacha mizani hiyo na kuleta sifa zenye majina. Mtu mzima aliweza kuchukua mpaka sifa tano kati ya zaidi ya sitini. Toleo la 2014 lilipunguza: mtoto sifa moja, kijana mbili, mtu mzima tatu. Mvivu hufurahia kutazama runinga na hukasirishwa na kazi za nyumbani. Mpenda upweke huingiwa na wasiwasi mbele ya wageni. Nadhifu hufurahi akifanya usafi, na mwovu hufurahi akiona wenzake wana huzuni. Hapa tabia haimsukumi mtu kwenye kitu peke yake, inamgusa moyo pia: jambo lile lile humfurahisha huyu na kumuudhi yule, na hali hiyo ya moyo huongoza atakachofanya baadaye.

Toleo la 2009 lilikuwa na jambo jingine ambalo mzazi angelipenda. Mtoto alipokua na kuingia rika jipya, alipata sifa mpya. Kama alilelewa vizuri na kufanya vizuri shuleni, mchezaji alichagua sifa hiyo. Kama alitupwa, gemu yenyewe ilimpa, na mara nyingi haikuwa ya kufurahia.

Mkwaju hakujiamulia

Wasikilizaji wetu wa miaka mingi wanakumbuka Twende na Wakati, mchezo ulioanza kurushwa na Redio Tanzania mwaka 1993. Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na tamaa ya wanawake, na tamaa hiyo ndiyo iliyomfikisha kwenye UKIMWI. Tunu, mkewe, alianza akiwa mnyonge, kisha akasimama kwa miguu yake.

Mkwaju naye alikuwa na tabia iliyoongoza matendo yake, lakini kila tendo liliandikwa na mtu. Mwandishi alijua mwisho kabla msikilizaji hajaujua, na aliupanga ili tujifunze. Katika gemu za maisha hakuna anayeujua mwisho. Watengenezaji huweka mahitaji, tabia na vitu, kisha huviacha vikutane. Mvivu na nadhifu wakiwekwa nyumba moja watagombana wenyewe, bila mtu kuandika ugomvi. Ndiyo maana vijana wanaweza kutazama saa nzima pasipo mshindi: wanasubiri kuona.

Gemu haijui kila kitu

Tusisahau kwamba gemu hii ilitengenezwa na watu wenye mazoea yao. Kaya moja ndani yake haizidi watu wanane. Hapa Mafia, nyumba yenye bibi, shangazi na watoto wa ndugu huvuka idadi hiyo bila mtu kushangaa. Ndani ya gemu, uvuvi ni jambo la kupitishia wakati. Hapa ni chakula cha jioni na ada ya shule. Na anayekaa kimya mbele ya wageni, kule huhesabiwa mpenda upweke, lakini kwetu pengine ana adabu tu mbele ya wakubwa.

Kwa hiyo gemu haiwezi kutuambia mwanadamu ni nani. Inaonyesha tu jinsi watu fulani walivyoifikiria tabia na kuigeuza kuwa hesabu.

Mzazi achukue nini?

La kwanza ni la mfukoni. Gemu nyingi za namna hii kwenye simu hupakuliwa bure, lakini nyingine hutaka intaneti kila unapocheza, na ndani yake kuna vitu vya kununua kwa fedha halisi. Kama simu yako ina namba ya siri ya malipo, usimpe mtoto. Angalia pia umri uliopendekezwa kabla ya kupakua, maana ndani kuna mapenzi na ndoa za watu wazima.

La pili ni kubwa zaidi. Nyumbani huwa tunasema upesi: "Huyu mtoto mvivu." Neno likisemwa mara mia, mtoto hulivaa kama jina. Lakini mtoto huyo huyo anayeburuta miguu akitumwa maji, ngalawa ikifika ufukweni ni wa kwanza kukimbia. Uvivu umekwenda wapi?

Hata ile hesabu ya gemu, pamoja na udogo wake, haiishii kwenye jina la tabia. Inauliza mambo matatu. Ana hitaji gani sasa hivi, njaa, usingizi, au wenzake? Kazi hiyo iko mbali kiasi gani, na kuna nini karibu kinachomvuta? Na mwisho, ana hulka gani? Tabia ni moja kati ya matatu, na sisi wazazi hayo mawili mengine tunaweza kuyabadilisha leo hii. Mtoto aliyelala vizuri, aliyekula, na ambaye kisima chake hakiko mwendo wa nusu saa, huenda tukagundua kwamba hakuwa mvivu kamwe.

Basi ukimkuta kijana wako ameinamia simu akimtazama mtu wa gemu akiziacha sahani mezani, kaa naye kidogo. Muulize kwa nini mtu yule haoshi. Jibu atakalokupa laweza kukuambia mengi kuhusu anavyojitazama yeye mwenyewe.