"Kutengeneza" Bunduki ni Kufanya Nini? Msamiati wa Fundi wa Silaha na Mfano wa Bastola Iliyopunguzwa Uzito

1. Utangulizi

Makala haya yanahusu kitenzi kimoja na kazi moja. Kitenzi ni kutengeneza. Kazi ni ile ya fundi anayepokea bastola ya chuma cha pua, iliyokwisha kuundwa kiwandani na isiyo na kasoro yoyote, akaipunguza uzito kwa matakwa ya mwenyewe. Kazi hiyo hufanywa zaidi Marekani na Ulaya, si katika kando ya Ziwa Tanganyika. Hata hivyo tumeichagua kwa kuwa inakipima kitenzi chetu kuliko mfano wowote wa nyumbani, na nyumbani ndiko swali lilikoanzia.

Miaka kadhaa iliyopita, huko Nundu katika teritware ya Fizi, mzee mmoja mhunzi aliulizwa na wakuu kazi yake ni nini. Akajibu kwa Kiswahili chetu cha Kivu: "Mi natengenezaka bunduki ya wawindaji." Mwandishi wa maelezo, aliyeandika kwa Kifaransa, akatia kalamuni «je fabrique des fusils». Mzee hakujua kusoma. Akatia kidole, akalala kasho siku mbili. Siku ya tatu mwandishi wa makala haya aliitwa ili maelezo yasikilizwe upya.

"Mzee, hizi bunduki unazifua weye mwenyewe?"

"Hapana, mwalimu. Wanaziletaka zimekufa, miye natengeneza tu."

Neno "zimekufa" ndilo lililomwokoa. Kitu kilichokufa kilikuwa kizima hapo kwanza, na aliyekifufua siye aliyekizaa. Lakini tujiulize: lau mzee hangeongeza neno hilo, lugha yetu ingemtetea kwa lipi?

2. Tabaka za msamiati wa silaha

Maneno ya silaha za moto katika Kiswahili yamekuja kwa awamu. Bunduki limetokana na Kiarabu, ambamo bunduq ni tunda dogo la mviringo lenye ganda gumu, kisha kidonge cha kutupa, na mwishowe chombo chenyewe cha kutupia. Baruti na risasi nayo yametoka huko huko. Risasi kwa asili ni jina la madini. Bastola ni jamaa ya pistola ya lugha za Ulaya, na sauti b mahali pa p yaelekeza kwamba neno lilipita katika vinywa vya Waarabu, ambao lugha yao haina p.

Kongo imelifanyia neno risasi jambo la kupendeza. Silabi ya kwanza, ikitamkwa li, ilidhaniwa kuwa kiambishi cha ngeli ya tano. Kwa hiyo wingi wake ukawa masasi, sawa na jino na meno au jicho na macho. Neno la Kiarabu likapewa uraia wa Kibantu bila ombi wala muhuri. Mtu wa Fizi asemaye masasi hakosei. Anafuata sarufi ya mababu zake.

Tabaka jingine ni la silaha za zamani zishindiliwazo kwa mdomo: gobori, korofindo, bunduki ya gumegume ambayo jiwe lake ndilo litoalo cheche, fataki iliyochukua nafasi ya jiwe hilo, na mdeki, ule ufito wa kushindilia. Maneno haya yalidumu kwa sababu vyombo vyenyewe vilidumu, na vilidumu kwa sababu ya sheria. Mkataba Mkuu wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulizuia kuingizwa silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Hivyo gobori likawa ndiyo bunduki ya Mwafrika wa kawaida, na kwa vile hakuna kiwanda kilichojali kulihudumia, mhunzi wa kijiji akawa ndiye daktari wake. Mzee wetu wa Nundu ni mrithi wa historia hiyo.

3. Chuma cha pua

Wanafunzi hucheka wanaposikia chuma cha pua, wakidhani ni chuma kitokacho puani. Hapa tuna maneno mawili yanayofanana kwa umbo tu. Pua ya kwanza ni kiungo cha uso; ya pili ni jina la kale la chuma kigumu kilichotayarishwa kwa makali, jirani wa neno feleji litumikalo kwa chuma bora cha panga. Kwa maana hiyo ya awali, kila chuma kigumu cha shoka au kisu ni chuma cha pua. Siku hizi jina hilo limebanwa na watu wengi likawa la kile chuma kisichoshika kutu, cha sufuria na vyombo vya hospitali. Msomaji wa kamusi hana budi kukumbuka maana zote mbili.

Chuma hicho kisichoshika kutu kina uhusiano na bunduki tangu kuzaliwa kwake. Harry Brearley, mtaalamu wa madini wa Sheffield, Uingereza, aliombwa mnamo 1912 atafute chuma ambacho mitutu yake haitaliwa upesi na joto la baruti. Mwaka 1913, katika majaribio yake, alipata mchanganyiko wa chuma na kromi uliokataa kutu. Leo chuma huhesabiwa kuwa cha aina hiyo kikiwa na kromi isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromi hushikana na oksijeni ya hewa na kufanya utando mwembamba mno juu ya chuma. Utando ukikwaruzwa hujirudia wenyewe.

Lakini ulimwengu wa silaha ndogo ulichelewa kukitumia kwa silaha nzima. Ni mwaka 1965, mwaka ule ule ambapo milima ya Fizi ilikuwa vitani na Wacuba wakivuka kutoka Kigoma, ndipo kampuni ya Smith & Wesson ilipoanza kuuza bastola ya mzunguko ya chuma hicho, iitwayo Model 60. Faida yake yaeleweka kwa yeyote aishiye kando ya ziwa: jasho na unyevu haviili chuma upesi. Hasara yake ni uzito.

4. Kazi ya kupunguza uzito

Sentimita moja ya ujazo ya chuma cha pua ina uzito wa karibu gramu 7.8, ya titani ni gramu 4.5; ya alumini ni gramu 2.7. Bastola nzima ya chuma ya umbo la Colt la mwaka 1911 hufika kilo 1.1 bila risasi. Mtu anayeichukua kiunoni kutwa nzima huuhisi uzito huo jioni. Ndipo humwendea fundi.

Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kubadili kipande: mahali pa kiunzi, mpini au kifyatulio cha chuma, huweka cha madini mepesi. Ya pili ni kuondoa chuma mahali ambapo hakifanyi kazi: nyundo hutobolewa katikati, na kitelezi, yaani sehemu ya juu iendayo mbele na nyuma, hukatwa vidirisha. Msamiati wa njia hii ya pili Kiswahili kinao tele, tena si wa kukopa jana. Jiriwa hukibana kipande, tupa hukila, tindo hukata, keekee hutoboa, msasa hulainisha. Kukereza ni kuzungusha chuma na kukichonga kwa mashine. Hakuna tendo hata moja la fundi huyo lililokosa jina katika kamusi zetu. Tatizo ni kwamba mafundi wengi wa upande wetu, waliofunzwa kwa Kifaransa, hawayasikii majina haya popote, na wanafunzi wetu huyajua kama maneno ya mtihani.

Kazi yenyewe ina mipaka. Mahali panapobeba mgandamizo wa baruti hapapunguzwi, kwani ukuta uliopunguzwa hapo huweza kupasuka mkononi mwa mwenye silaha. Aidha, uzito unaoondolewa unadaiwa upya kwa namna nyingine. Risasi ikienda mbele, silaha husukumwa nyuma; silaha ikipungua robo ya uzito wake, na risasi ikiwa ile ile, kasi yake ya kurudi nyuma huzidi kwa thuluthi. Kitelezi kilichopunguzwa nacho hukimbia zaidi, na chemchemi iliyopimwa kwa uzito wa kwanza haikifai tena. Ndiyo maana baadhi ya walenga shabaha wa mashindano hutaka kitelezi chepesi juu ya kiunzi kizito. Fundi mzuri si yule aondoaye chuma kingi, bali yule ajuaye chuma kipi kilikuwa kikimsaidia mwenyewe bila ya yeye kujua.

5. Kitenzi chenyewe

Sasa turudi kwenye kitenzi. Je, fundi huyu ametengeneza bastola? Kwa Kiswahili cha kila siku, jibu ni ndiyo. Lakini hakuiunda, kwa kuwa ilikwisha kuundwa. Wala hakuiponya, kwa kuwa haikuwa mbovu. Amefanya jambo la tatu.

Umbo la kitenzi linaeleza kwa nini kinabeba yote. Kutengeneza ni hali ya kusababisha ya kutengenea, yaani kukaa sawa, kuwa katika mpango mzuri. Mwenye kutengeneza, basi, ni mwenye kukifanya kitu kikae sawa. Kitu ambacho hakijawa huwekwa sawa kwa kuumbwa. Kilichoharibika, kwa kuponywa. Kizima kisichomfaa mwenyewe, kwa kurekebishwa. Kitenzi kinatazama mwisho wa kazi, wala hakiulizi ilianzia wapi. Mama hutengeneza chakula, fundi hutengeneza saa, wazee hutengeneza neno lililoharibika baina ya koo mbili, na hakuna anayechanganyikiwa. Huu si upungufu wa lugha. Ni namna yake ya kuitazama kazi.

Upungufu huanza pale tunapotoka uwanjani na kuingia ofisini. Huko swali si kama kitu kinakaa sawa. Swali ni kilianzia wapi na nani alikigusa. Kwa matumizi hayo tunapendekeza vitenzi vinne vitenganishwe:

(a) kuunda: kutoa silaha ambayo haikuwapo. Kitenzi hiki kilizoeleka kwa vyombo vya baharini, na kinafaa kwa sababu chombo huanza na gogo tupu;

(b) kuunganisha: kukusanya vipande vilivyoundwa pengine na kuvifanya silaha moja;

(c) kukarabati: kuirudisha silaha mbovu katika hali yake ya kwanza;

(d) kurekebisha: kubadili silaha nzima katika uzito, umbo au mwendo wake, kama alivyofanya fundi wa bastola.

Mzee wa Nundu ni mtu wa (c). Karani alimwandika (a).

6. Kwa nini jambo hili si la kamusi tu

Mtu aweza kusema kwamba haya ni mabishano ya wanaisimu. Sivyo. Mkataba wa Afrika ya Kati juu ya udhibiti wa silaha ndogo, uliopitishwa Kinshasa tarehe 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika mwaka 2017, unataja katika jina lake lenyewe vipande viwezavyo kutumika kwa «fabrication, réparation et assemblage». Maneno matatu, matendo matatu. Mfasiri atakayeyatia yote katika "kutengeneza" atakuwa ameufuta mkataba kabla mwananchi hajausikia.

Itifaki ya Nairobi, iliyotiwa sahihi tarehe 21 Aprili 2004, nayo inataka kila silaha itiwe alama inapoundwa, na inataka kufuta au kubadili alama hizo kinyume cha sheria kuwe kosa la jinai. Hapa mfano wetu unazaa funzo jingine. Tupa ile ile inayokwangua chuma ili bastola iwe nyepesi yaweza kukwangua namba iliyochorwa juu yake. Mkono ni mmoja, chombo ni kimoja, unga wa chuma unaoanguka chini ni wa rangi moja. Kinachotenganisha kazi halali na kosa ni kile kilichokwanguliwa. Basi anayeandika maelezo kwa Kiswahili asiandike "alikwangua bastola" akaishia hapo. Na aulize: alikwangua nini?

Katika nchi ambayo kwa muda mrefu bunduki imekuwa ikiingia vijijini kabla ya kalamu, wako wengi watakaoulizwa swali aliloulizwa mzee wetu. Wengine watakuwa na hatia kweli, na kitenzi kilegevu kitawapa mahali pa kujificha. Wengine hawatakuwa nayo, na kitenzi hicho hicho kitawafunga.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kiswahili kina maneno ya kutosha kueleza hata kazi ya kigeni kama kupunguza uzito wa bastola ya chuma cha pua, tangu jiriwa hadi msasa. Tumeona pia kwamba kitenzi kutengeneza kina mantiki yake, wala hakistahili kulaumiwa wala kufukuzwa mitaani. Kinachohitajika ni kwamba katika maandishi ya kisheria, ya tafsiri na ya mafunzo, vitenzi vinne tulivyovitaja vitumike kila kimoja mahali pake, na kwamba wanafunzi wetu watumwe kwa wahunzi waliosalia wakayaandike maneno yao pamoja na matendo yao. Mhunzi akifariki, tupa yake hubaki ikinunuliwa na mwingine. Maneno yake hayanunuliwi.

Mzee wa Nundu alipoachiwa alituuliza swali moja tu: wakati mwingine aseme nini? Tulimwambia aseme "nakarabati". Akalirudia neno mara mbili, kisha akasema kwamba hilo ni la watu wa redio. Pengine ana haki. Lakini akiulizwa tena, hata akisema "naponyaka bunduki zilizokufa", ni wajibu wa karani kujua jinsi ya kuliandika.