Mali Bila Daftari: Gari la Familia na Hesabu ya Mafuta

Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu hadi Vanga, gari refu la familia, lile liitwalo SUV ndogo, limekuwa chombo cha nyumba nyingi. Sababu zake zaeleweka. Hubeba watoto wa shule na wa madrasa kwa pamoja, bibi huingia bila kuinama sana, kapu la nazi kutoka shamba hupata nafasi nyuma, na mvua za masika zinapoharibu njia, gari halikwami upesi. Toyota RAV4, Nissan X-Trail, Mazda CX-5, Subaru Forester na Honda Vezel ni majina yaliyozoeleka hata kwa wasiojua kuendesha. Mengi katika magari haya hutoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika, na kanuni za nchi huruhusu kuingizwa gari lililotumika ambalo halijazidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza.

Mnunuzi afikapo yadi, swali lake la kwanza huwa bei, na la pili huwa mafuta: lita moja yaenda kilomita ngapi? Muuzaji hujibu bila kusita: kumi na tano, kumi na nane, ishirini. Kwa jibu hilo familia hupiga hesabu ya mwezi, ikatoa fungu la mafuta, fungu la karo na fungu la chakula. Mwezi wa pili haujaisha, fungu la mafuta limekwisha kuyala mafungu mengine. Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Tumeona ni vyema tueleze tarakimu ile ya yadi hutoka wapi, kwa nini barabara zetu huikataa, na vipi kila nyumba yaweza kujipatia tarakimu yake iliyo ya kweli.

Gari moja, tarakimu mbili

Tuchukue mfano wa RAV4 ya haibridi, yaani ile inayotumia petroli pamoja na mota ya umeme, ya kizazi kilichoingia sokoni Japani mwaka 2019. Ina injini ya lita 2.5, na umeme husukuma magurudumu ya nyuma pindi yanapohitajika. Nchini Japani, kipimo rasmi cha gari hilo ni kilomita 20.6 kwa lita. Nchini Marekani, RAV4 ya haibridi ya mwaka huohuo ilipewa kipimo rasmi cha maili 40 kwa galoni, ambazo ni sawa na kilomita 17 kwa lita. Gari ni lilelile, mfumo wa injini ni uleule, na baina ya vipimo viwili vya serikali mbili pana tofauti ya zaidi ya kilomita 3 katika kila lita.

Hakuna aliyesema uongo hapo. Kilichotofautiana ni mtihani. Gari halipimwi barabarani; hupimwa ndani ya chumba, magurudumu yakizunguka juu ya mitambo, na dereva akifuata mwendo ulioandikwa sekunde kwa sekunde. Magari mengi ya Japani ya kabla ya mwaka 2018 yalipimwa kwa mtihani uitwao JC08. Mwendo wake wa wastani ni kilomita 24 hivi kwa saa, mwendo wake wa juu haufiki kilomita 82 kwa saa, na kiyoyozi huwa kimezimwa. Mtihani uliofuata, WLTC, ni mgumu zaidi, lakini Japani iliiacha sehemu yake ya mwendo wa kasi kabisa. Wamarekani, kwa magari ya kuanzia mwaka 2008, huzingatia pia kiyoyozi kilichowashwa, mwendo wa kasi na baridi kali. Ndiyo maana tarakimu yao huwa ndogo, na huwa karibu zaidi na yale yatokeayo njiani.

Hata hivyo mtihani hubaki kuwa mtihani. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, magari mapya ya miaka ya karibuni yana kifaa ndani yake kinachoweka kumbukumbu ya mafuta yanayochomwa kweli. Mwaka 2024, Tume ya Ulaya ilitangaza matokeo: magari ya petroli na ya dizeli yalikuwa yakitumia mafuta zaidi ya kipimo cha chumbani kwa takriban asilimia 20. Yale ya haibridi yanayochomekwa kwenye umeme ili kujazwa chaji yalitumia, kwa wastani, mara tatu unusu ya kilichoandikwa, kwa kuwa wenyewe hawayachomeki kama ilivyodhaniwa.

Wapo pia waliovuka mpaka. Mwezi wa Aprili 2016, kampuni ya Mitsubishi ilikiri mbele ya umma wa Japani kwamba takwimu za matumizi ya mafuta za baadhi ya magari yake madogo zilikuwa zimechezewa. Basi mwenye kununua ana haki ya kuuliza, na muuzaji ana wajibu wa kujibu kwa uangalifu.

Joto, foleni na safari fupi

Sasa tulitoe gari chumbani, tulilete Mombasa. Huku kwetu kiyoyozi hakizimwi, hasa katika miezi ya kaskazi. Wizara ya Nishati ya Marekani yaeleza kwamba katika joto kali, kiyoyozi chaweza kupunguza kilomita za kila lita kwa zaidi ya robo, na hasara hiyo huzidi katika safari fupi, kwa kuwa hapo ndipo kinapohangaika kupoza gari lililokuwa juani.

Safari fupi ndizo maisha yetu: nyumbani hadi shule, shule hadi soko la Kongowea, soko hadi nyumbani, kisha madrasa jioni. Katikati yake pana msongamano wa Daraja la Nyali, au foleni ya kivuko cha Likoni. Gari lililosimama huku injini ikinguruma hupiga kilomita sifuri kwa lita, na injini ya lita 2 ikiwa na kiyoyozi yaweza kuchoma lita moja hivi kwa saa. Mzazi anayesubiri nje ya madrasa nusu saa kila siku bila kuzima gari, kwa siku 22 za mwezi, amechoma kama lita 11 bila ya kufika popote.

Katika barabara kuu adui ni upepo. SUV ni gari refu na pana, na hulazimika kuusukuma upepo mwingi kuliko gari la chini. Kuanzia mwendo wa kilomita 80 kwa saa kwenda juu, mafuta huongezeka upesi. Ukifunga sanduku kubwa juu ya keria kwa safari ya Nairobi, unaweza kupoteza hadi robo ya kilomita zako ukienda kasi. Na safari hiyo ni ya kupanda: kutoka usawa wa bahari hadi karibu mita 1,800. Asishangae mtu akiona kwenda kumemgharimu zaidi ya kurudi.

Kwa sababu hii haibridi huonyesha faida yake mjini zaidi ya njia kuu. Katika vipimo vya Marekani, RAV4 tuliyoitaja ilipata maili 41 mjini na 38 katika barabara kuu, kinyume cha magari ya kawaida. Kwenye foleni injini yake huzimika, na kila dereva apungazapo mwendo, sehemu ya nguvu hurudi kwenye betri. Anayeishi Bamburi na kufanya kazi Mombasa mjini ana sababu ya kuifikiria. Anayepiga mbio za Malindi na Garsen kila wiki hataona faida kubwa namna hiyo.

Hesabu ya nyumba moja

Tupige hesabu ya mfano. Familia yatembea kilomita 1,200 kwa mwezi katika SUV ya petroli. Muuzaji alisema kilomita 15 kwa lita. Mjini imetoa 10. Kwa tarakimu ya yadi wangehitaji lita 80. Kwa tarakimu ya barabara wahitaji lita 120. Tukikadiria lita kwa Sh180, ni tofauti ya Sh14,400 na Sh21,600. Kila mwezi Sh7,200 zimetoka mahali ambapo hazikupangiwa, na kwa mwaka ni Sh86,400. Bei ya lita nayo hubadilika: mamlaka ya EPRA hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi. Bei hatuna uwezo nayo. Kilomita kwa lita twaweza kuzijua, na kwa kiasi fulani twaweza kuziongeza.

Namna ya kupima

Njia ya kupima haihitaji fundi. Jaza tangi mpaka pampu ijizime yenyewe, wala usimwambie mhudumu aongeze. Rudisha mita ya safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida yako. Tangi likipungua vya kutosha, rudi kituo kilekile, ujaze tena mpaka pampu ijizime. Gawanya kilomita ulizokwenda kwa lita ulizotiliwa. Ukiwa umekwenda kilomita 412, na tangi limepokea lita 36, gari lako limetoa kilomita 11.4 kwa lita. Rudia mara tatu au nne kabla ya kuhukumu.

Twajua kwamba wengi wetu hawajazi tangi. Hutia mafuta ya elfu moja leo na ya mia tano kesho. Hao nao wana njia. Waweke kila risiti, waandike kilomita zilizosomeka kwenye mita siku ya kwanza ya mwezi na siku ya mwisho, na mshale wa mafuta uwe mahali pamoja siku hizo mbili. Wajumlishe lita, si shilingi, kisha wagawanye. Jibu halitakuwa la uhakika kamili, ila kadiri miezi inavyoongezeka ndivyo linavyokaribia ukweli. Tarakimu inayoonyeshwa na dashibodi ni ya kukisia. Risiti ndiyo shahidi.

Daftari likishaonyesha tarakimu, dalili za ubovu hujitokeza zenyewe. Gari lililokuwa likitoa 11 likishuka hadi 9 bila ya njia kubadilika, tazama upepo wa magurudumu kwa kufuata kibandiko kilicho penye mlango wa dereva, kisha kichujio cha hewa na plagi. Kwa wenye RAV4 ya haibridi, matundu ya hewa ya kupozea betri yako chini ya kiti cha nyuma. Mikoba na nguo zisiyafunike. Na kabla ya kununua, jiulizeni kama kweli mwahitaji gari la magurudumu manne yenye nguvu. Katika RAV4 ya petroli ya lita 2.0, kipimo cha Japani ni kilomita 15.8 kwa lita kwa ile ya magurudumu mawili na 15.2 kwa ile ya manne. Kwa anayepita tope la bara ya Kwale, tofauti hiyo ni bei ndogo. Kwa asiyetoka kwenye lami, ni gharama isiyo na kazi.

Uadilifu sokoni na nyumbani

Suratul Mutwaffifin imepewa jina la wale wanaopunja vipimo. Na katika mafundisho ya Mtume (s.a.w.) imo habari ya yule mwuza nafaka sokoni: Mtume alipoingiza mkono katika rundo, vidole vyake vikagusa umaji uliofichwa chini, akamkemea kwa kutouweka juu watu wauone. Twaona funzo hilo halikukomea kwenye nafaka. Muuzaji wa gari aliye Mwislamu akitaja kilomita 20 kwa lita, na aseme pia kwamba hicho ni kipimo cha Japani na kwamba Mombasa hakitafikiwa. Kusema hivyo hakumkosesha riziki. Na anayeuza gari lake mwenyewe, daftari la mafuta la mwaka mmoja ni ushahidi bora kuliko kiapo.

Nyumbani nako uadilifu wahitajika. Katika nyumba nyingi mama ndiye wa shule, soko, zahanati na madrasa, naye baba hulichukua gari safari za mbali. Mafuta yakiisha mapema, lawama humwangukia mama kwamba ametembea sana au ameendesha vibaya. Daftari laweza kuonyesha jambo jingine: kwamba yeye ametembea kilomita chache, ila kila moja ilikuwa ya foleni, ya jua kali na ya kusimama mara kumi. Gari lilelile, likiwa na dereva yuleyule, hutoa kilomita nyingi zaidi likifunguliwa njia ya Kilifi asubuhi. Huo si ubadhirifu wa mama. Ndiyo gharama ya kazi anayoifanyia nyumba. Ni haki ijulikane hivyo, na fungu lake lipangwe kwa kazi hiyo.

Baada ya hapo ndipo mtazungumza jinsi ya kupunguza: kuunganisha soko na madrasa kwa safari moja, kupokezana na jirani kuwapeleka watoto, kuegesha kivulini, kuzima injini wakati wa kusubiri. Mazungumzo ya namna hiyo huwa mepesi pale ambapo kila mmoja ana tarakimu mbele yake, wala hana tuhuma moyoni.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la kurasa arobaini latosha mwaka mzima, na mahali pake ni ndani ya gari, pamoja na kalamu. Twamuomba Mwenyezi Mungu atutilie baraka katika riziki zetu, na atulinde sisi na watoto wetu katika kila safari. Amin.